Kofia Thelathini na Tatu za Bi Izora

"Kofia thelathini na tatu, Bi Izora. Thelathini na tatu, na hata moja hujaiweka kichwani. Sasa unataka nini, nikuletee na kichwa kipya?"

Mwenye kulalamika alikuwa Vashti Gattis, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, ambaye katika kumbi za watu weusi kutoka Durham mpaka Chicago watu walianza kucheka kabla hajafungua mdomo. Lakini hapa palikuwa jikoni kwa Bi Izora Pettiford, mtaa wa Hayti, Durham, Alhamisi kabla ya Pasaka ya mwaka 1965, na aliyekuwa mbele yake hakuwa mtu wa kulipa kiingilio. Bi Izora aliendelea kuponda viazi vitamu vya pai kana kwamba anayeongea ni redio ya jirani.

"Kichwa changu hakina ubaya," alisema alipomaliza kiazi kimoja. "Ni kitupu tu, tangu mwaka thelathini na moja."

"Nimekuletea ya hariri. Nimekuletea ya manyoya ya tausi kutoka Philadelphia. Ile ya mwaka jana mwenye duka alinisindikiza nayo mpaka barabarani kama anayeoza binti."

"Ungemwachia binti yake. Mimi sikuposa."

"Watu wananisema. Kila Pasaka unaingia kanisani na hicho kitambaa cheupe, na kila mtu anajua ni mimi unayenisuta kwacho."

"Ahaa. Kumbe unaelewa."

Vashti akasogeza kiti karibu na meza. "Basi niambie unataka kofia gani."

"Sitaki kofia. Nataka ile."

Mikono ya Vashti ilikwenda yenyewe kwenye mfuko wa turubai uliokuwa mapajani mwake. Mfuko huo hakuuachia hata wakati wa kula.

"Ile imechakaa, Bi Izora."

"Na mimi nimechakaa. Tutaendana."

"Jumatano nina televisheni. New York. Dakika saba, mwanamke wetu peke yake, bila kuimba, bila kucheza, bila kubeba sinia la mtu. Umewahi kusikia jambo kama hilo? Nikienda bila ile kofia nimekwenda na nini? Wanayemtaka ni yeye, si mimi."

"Yeye nani?"

Vashti akausogeza mfuko karibu na tumbo. Angejibu nini, na "yeye" amesimama mbele yake na mwiko mkononi? Maana yule mwanamke wa jukwaani aliyeitwa Mama Mlangoni, ambaye picha yake ilibandikwa kwenye kuta za kumbi kwa zaidi ya miaka thelathini, alikuwa Bi Izora mwenyewe: kofia yake, mwendo wake, kidevu chake, na maneno yake.

"Jumapili ni Pasaka ya mwisho kanisani kwetu," Bi Izora alisema. "Jumatatu tingatinga linaingia kulivunja, barabara yao kubwa ipite. Nitaingia na kofia yangu, au nitaingia na kitambaa. Sikulazimishi, Malkia Vashti. Yule wa Biblia alikataa kuvaa taji mbele ya watu. Wewe ukaona ni heri uibe langu mimi, bawabu wa kanisa." Akapangusa mikono. "Nenda kalale, umesafiri. Chumba chako kina wageni, lakini ni watulivu."

Wageni wenyewe walikuwa maboksi. Ya mviringo, ya pembe sita, yenye utepe, yenye chapa za maduka ya St. Louis na Baltimore, yamepangwa mpaka darini, na hakuna hata moja lililofunguliwa. Vashti alijilaza katikati yao, kwenye kitanda chake cha usichana, mfuko kifuani. Pazia lilikuwa la njano. Jua la mchana lilipita ndani yake likatoka zito kama asali, na vumbi likaelea humo bila haraka. Vumbi hilo alilijua. Usingizi ulikuja kumchukua kwa kupitia vumbi.

Katika kiwanda cha tumbaku vumbi lilikuwa la dhahabu, na lilikuwa kila mahali: kwenye nyusi, kwenye mkate, kwenye ndoto. Wanawake weusi waliketi safu kwa safu wakinyofoa vikonyo vya majani. Mama yake Vashti aliketi kando ya Bi Izora, na siku alipozikwa, Bi Izora alimshika mtoto mkono kutoka makaburini akaenda naye nyumbani. Hawakuwa ndugu. Hakuna aliyemuuliza, naye hakueleza. Vashti alikuwa na miaka kumi na mitatu, na wiki iliyofuata alikuwa ameketi kwenye kiti cha mama yake, miguu haifiki chini.

Kuongea kazini kulikatazwa. Kuimba kuliruhusiwa, maana msimamizi aliona nyimbo zinaharakisha mikono. Basi Vashti aliweka umbea wote wa mtaa kwenye sauti za tenzi. Siku moja aliimba, kwa sauti nzito ya mazishi, kwamba msimamizi amevaa soksi mbili zisizofanana, na safu nzima ikaitikia kwa uchungu, "Ee Bwana, hazifanani." Msimamizi alisimama mlangoni akafuta jicho. Alisema watu hawa wana imani kubwa. Wanawake waliinamisha nyuso ndani ya majani, migongo ikatikisika, na vumbi la dhahabu likapanda juu kama vile kiwanda chenyewe kinacheka.

Bi Izora hakuitikia. Alikuwa bawabu wa kanisa la Mto Kebari, na bawabu hachezi na tenzi. Lakini jioni, wakiosha vyombo, alisema bila kugeuka, "Ya kushoto ilikuwa ya kijani."

Jumapili ndipo ungemwona Bi Izora alivyo. Alisimama mlangoni na glavu nyeupe, mkono wa kushoto umekunjwa nyuma ya mgongo kama desturi ya mabawabu wa huko, kidevu kimetangulia, nyonga moja mbovu ikimfanya aende kama anayebebwa na maji. Watu wa tumbaku walichelewa. Walikuja wamechoka, wakataka kujibanza nyuma kabisa, kwa sababu nyuma ndipo walipozoea kukaa, kwenye basi, kwenye ukumbi wa sinema, kila mahali. Bi Izora aliwanyooshea kidole cha glavu yake nyeupe. "Songa mbele, mtoto," alisema, hata kwa babu wa miaka themanini. "Mbinguni hakuna benchi la nyuma." Nao walisonga. Mtu akikuambia hivyo kwa sauti ile, unasonga, na ukifika mbele unakaa wima.

Kofia ilikuja Pasaka ya mwaka 1931. Bi Izora aliinunua kwa kazi ya majira mawili ya baridi. Ilikuwa ya buluu, ile buluu ya angani kabla nyota ya kwanza haijatoka, na kwenye ukingo wake zilining'inia cheri tatu za nta. Alimwonyesha Vashti jioni ya Alhamisi, mara moja tu, akiwa amefunga mlango. Kofia ya Pasaka haionwi na watu kabla ya Pasaka. Haiwekwi kitandani, ni mkosi. Na kofia ya mwanamke haiguswi na mkono wa mwanamke mwingine, hata awe binti yake, hata nyumba iwe inaungua.

Jumamosi jioni kikundi cha maonyesho kilichokuwa kimepiga hema nje ya mji wiki hiyo kilikuwa na onyesho lake la mwisho. Vashti, miaka kumi na tisa, alikuwa ameomba nafasi kwa wiki nzima, na wiki nzima Bwana Roscoe Tinnin, mwenye kikundi, alimwambia wanawake wa kikundi chake huimba au huonyesha magoti. Jioni ile mchekeshaji wake alilewa akashindwa kusimama. Bwana Tinnin akamsukumia Vashti kopo la masizi.

"Paka uso."

Vashti alilitazama kopo. Wachekeshaji wote weusi wa siku hizo walipaka masizi juu ya weusi wao, na midomo wakaichora mikubwa kama ya vyura. "Mimi ni mweusi tayari," alisema. "Nikiongeza, si nitapotea?"

"Watu wamezoea hivyo."

"Basi watazoea na hivi."

"Utasimama pale na uso mtupu, kama mtu anayengoja basi? Vaa kitu, msichana. Vaa chochote."

Alikimbia nyumbani. Bi Izora alikuwa kanisani akipanga maua. Kofia ilikuwa ndani ya boksi lake, juu ya kabati. Vashti alijiambia ni saa moja tu. Akaichukua, akakimbia nayo kifuani kama mtoto mchanga.

Alipojitokeza penye taa za jukwaa alikuwa na kichekesho kimoja kichwani, nacho kikapotea. Aliona uso juu ya uso. Aliona kamba iliyopita katikati ya hema, wazungu upande wa mbele, watu wake upande wa nyuma. Aliona watu watatu wa tumbaku waliochelewa, wamesimama penye mlango wa hema hawajui pa kwenda. Na hapo, bila yeye kuuita, mkono wake wa kushoto ulikunjika nyuma ya mgongo. Kidevu kikatangulia. Nyonga ikaharibika. Akatembea kwenye jukwaa kama anayebebwa na maji, akanyoosha kidole.

"Songeni mbele, watoto. Mbinguni hakuna benchi la nyuma."

Kisha kicheko kilianzia nyuma, nyuma kabisa, kikaja kikivuka kamba, na wazungu wa mbele wakacheka pia, hawajui wanacheka nini.

Behewa la kikundi liliungwa kwenye garimoshi jioni ileile. Bwana Tinnin alisema sasa au basi. Vashti alipanda na kofia kichwani, akisema ataileta wiki ijayo. Wiki ilizaa wiki. Usiku mmoja huko Georgia aliota kofia inabingirika kando ya reli, cheri zinadondoka moja moja, na kila inapodondokea mtu anafungua mdomo anacheka. Aliiota ndoto hiyo kwa miaka mingi, mara kando ya reli, mara juu ya maji. Mwaka uliofuata, Pasaka ilipokaribia, alituma kofia ya kwanza kwa posta. Mpya, ghali. Akangoja barua. Hakuna barua.

Na mchana huu, kitandani kwake, aliota nyingine. Maboksi yalijifungua polepole kama maua, na zile kofia zikatoka zikaketi kwenye mabenchi, kila moja na mahali pake, zimenyooka kama akina mama wa kanisa. Yeye alikuwa mbele yao akichekesha. Alitumia vyote alivyonavyo. Kofia hazikucheka. Hazikumkasirikia pia. Ziligeuka tu, zote pamoja, zikatazama mlangoni, kama watu wanaomngoja mtu.

Aliamshwa na mtetemo. Mtaa wa pili tingatinga lilikuwa linaangusha duka la kinyozi.

Ijumaa alikaa barazani na Bi Cleora, jirani, mwanamke mnene mwenye televisheni na asiye na siri. Bi Cleora alikuwa amekuja kuazima mayai, na mayai alikuwa nayo.

"Kwa hiyo ndiye wewe," alisema akimkagua kuanzia viatu. "Kwenye mabango una shingo ndefu."

"Wananivuta wakipiga picha."

"Nilikuona Raleigh mwaka wa arobaini na saba. Nilicheka mpaka nikavunja kiti, na kiti hakikuwa changu." Alisogea karibu, akashusha sauti, ingawa Bi Izora alikuwa jikoni na dirisha liko wazi. "Sasa wewe unadhani anachokukasirikia ni kofia."

"Si ndicho anachosema?"

"Anasema hivyo kwa sababu kofia inasemeka. Muulize lini mara ya mwisho alisema lile neno lake pale mlangoni."

"Neno gani?"

"Si ndilo lile la benchi?" Bi Cleora alitazama barabara. "Ulipoondoka aliendelea kulisema. Halafu watu wakaanza kwenda kwenye maonyesho yako, Jumamosi kwako, Jumapili kanisani. Akisema, wanacheka. Kanisani. Yeye yuko kazini, na watu wanashika mbavu. Akavumilia. Siku moja mtoto wa shemasi, kimtoto cha hivi, akamwambia, 'Bi Izora, unamuiga Mama Mlangoni vizuri sana.' Mimi nilikuwa pale. Alimpeleka yule mtoto mpaka kiti chake, akamketisha vizuri, akampa na upepeo. Tangu siku ile anaonyesha kwa kidole tu. Hajafungua mdomo mlangoni, sasa miaka ishirini na ngapi."

Kutoka jikoni Bi Izora alisema, "Ishirini na sita. Cleora, mayai yako yanakungoja nyumbani kwako."

Vashti alikaa pale mpaka kivuli cha nyumba kikavuka barabara. Alikuwa amejiona mtu aliyeazima kofia. Aliwaza kumbi zote zile, maelfu ya midomo iliyofunguka, na yule mwanamke aliyesimama mlangoni ameziba wake, kidole juu, kama anayewaelekeza watu kwenye nyumba aliyofukuzwa.

Jumamosi asubuhi alisimama mbele ya kioo bila kofia. Uso wa mwanamke wa makamo, mistari miwili kando ya mdomo, mvi penye paji. Alikunja mkono nyuma. "Mbinguni hakuna benchi la nyuma," alijaribu. Likatoka dogo, kama sauti ya mtu anayeongea kwenye nyumba ya wenyewe. Akajiuliza Jumatano atasema nini kwa dakika saba, na jibu halikuja. Hata hivyo aliufungua mfuko wa turubai. Kofia ilikuwa na rangi ya maji yaliyofuliwa nguo nyingi, ukingo umelegea, jasho la miaka thelathini na nne limechora ramani ndani yake. Aliipeleka jikoni. Hakuiweka kwenye kiti wala karibu na kitanda. Aliiweka juu ya meza, akarudi nyuma hatua tatu.

Bi Izora alivaa miwani. Aliigeuza kwa ncha za vidole.

"Cheri zilikuwa tatu."

"Moja ilipotea Memphis."

"Memphis ina shughuli gani na cheri yangu?"

"Sijui, Bi Izora."

"Na neno langu?" Alikuwa bado anaitazama kofia. "Hilo nalo umelisahau Memphis?"

Vashti alikunja mfuko mtupu wa turubai. "Sikujua," alisema. "Nilidhani nakupeleka duniani. Sikujua nilikuwa nakutoa mlangoni kwako."

Bi Izora aliitwaa kofia akaingia nayo chumbani, akafunga mlango. Alikaa muda mrefu. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu na amri zake tayari. "Cleora," aliita kupitia dirishani, "waite wanawake. Wote waliovunjiwa nyumba. Waambie waje na vichwa vyao."

"Kufanya nini?"

"Nina kofia thelathini na tatu zinazokula nafasi. Sikuweza kugawa vitu vya mtu aliyekuwa bado ana changu. Sasa naweza."

Walikuja mchana kutwa. Wanawake wa tumbaku, wafuaji, wapishi, mwalimu mmoja aliyekuwa analala kwa dada yake na vitabu vyake kwenye pipa. Bi Izora hakuruhusu mtu kuchagua. Alimtazama mwanamke usoni, akatoa boksi, na hakukosea. Yule wa manyoya ya tausi alikuwa bibi mfupi mfuaji wa nguo, aliyeivaa, akanyoosha shingo, akasema, "Sasa nyumba yangu iko huku juu." Watu wakacheka, naye akacheka, na machozi yakampita njiani.

Ilipofika jioni maboksi yalikuwa matupu. Vashti alihesabu akagundua kwamba yeye hana kofia. Yeye, aliyezinunua zote.

Asubuhi ya Pasaka ukungu ulilala chini juu ya viwanja vilivyovunjwa. Vashti alitoka mapema kutembea, maana alitaka kuona mtaa kabla haujaisha, na ndiyo sababu alichelewa. Alisimama mbali akaziona zikipanda kilima: kofia, kofia, kofia, nyekundu, nyeupe kama maziwa, za rangi ya majani mapya, zikielea juu ya ukungu bila miguu, na chini yake palipokuwa na kinyozi na duka la dawa na nyumba ya mazishi hapakuwa na kitu. Alisimama mpaka ya mwisho ilipoingia. Alidhani bado yuko kitandani. Kisha kengele ya kanisa la Mto Kebari ililia, akakimbia.

Alifika mlangoni wakati Bi Izora anaingia. Bawabu mkuu huingia wa mwisho, kwa njia ya katikati, watu wote wameketi. Alikuwa amevaa nyeupe, glavu, na ile kofia, cheri mbili zikigongana. Mkono nyuma. Kidevu mbele. Nyonga mbovu ya miaka sabini na tisa ikimpeleka kama maji.

Na watu wakaanza kucheka.

Hawakukusudia ubaya. Habari zilikuwa zimeenea kwamba Vashti Gattis yuko mjini. Nusu ya waliokuja walikuwa wageni kutoka kaskazini, waliorudi kwa ajili ya siku hiyo, na kofia ile na mwendo ule walivijua kutoka mahali pamoja tu. Walidhani ni Mama Mlangoni amekuja kuwachangamsha. Mmoja akapiga paja. Mwingine akasema, "Mwangalie, hajazeeka hata kidogo."

Vashti alisikia kicheko kile. Kwa miaka thelathini na nne alikuwa amekisikia akiwa ndani yake, chenye joto kama maji ya kuoga. Hakuwahi kukisikia akiwa nje. Alimwona Bi Izora akisimama katikati ya njia. Mabega ya mwanamke yule, ambayo hayakuwahi kushuka, yakashuka kidole kimoja.

"Msicheke," Vashti alisema kutoka mlangoni.

Vichwa viligeuka, na kofia zote thelathini na tatu ziligeuka pamoja. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa wazi, Jumapili ya Pasaka, jambo ambalo kanisa lile halikuwahi kuona.

"Huyo si mimi," alisema. Sauti ilikuwa ile ndogo ya kwenye kioo, lakini kanisa lilikuwa kimya na ikatosha. "Huyo ni mwenyewe. Mimi ndiye wa kuiga. Mwendo ni wake, kofia ni yake, na neno mlilolilipia kiingilio ni lake. Nilimchukulia, sikusema. Leo nasema."

Bi Izora aligeuka. Alirudi njia yote mpaka mlangoni, na hakuna aliyepepea upepeo. Alimkagua Vashti, nywele, mvi, matope ya viatu. Akatoa mfukoni kile kitambaa cheupe cha kila Pasaka, kimepigwa pasi, akamfunga kichwani, akakaza fundo kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Baada ya ibada nakitaka."

"Ndiyo, Bi Izora."

Kisha alinyoosha kidole cheupe kuelekea mbele, ambako palikuwa na nafasi moja. Midomo yake ikasogea mara ya kwanza bila sauti, kama bomba lililokaa muda mrefu bila maji.

"Songa mbele, mtoto," alisema Bi Izora Pettiford. "Mbinguni hakuna benchi la nyuma."

Hakuna aliyecheka. Babu mmoja aliyekuwa amejibanza nyuma kabisa alichukua fimbo yake, akainuka, akaanza kusonga mbele. Kisha na jirani yake.

Kitambaa kilirudishwa Jumatatu, kimefuliwa. Jumatano, New York, Vashti alisimama mbele ya mashine zao za televisheni na uso mtupu na kichwa kitupu, kama mtu anayengoja basi. Taa zilikuwa kali, na nyuma yake hapakuwa na mtu yeyote. Aliona wageni watatu waliochelewa wanahangaika penye mlango wa studio.

"Waacheni wakae kwanza," alisema. "Nitangoja. Nimelelewa na bawabu, anaitwa Bi Izora Pettiford, kanisa la Mto Kebari, na yeye husema mbinguni hakuna benchi la nyuma. Hilo neno ni lake. Mimi nina langu moja tu, nalo ni aibu. Ngojeni niwaambie jinsi nilivyomwibia kofia."

Dakika saba hazikumtosha.

Wapo wasichana waliokuja baada yake, wanaosimama peke yao na uso safi, bila masizi, bila magoti. Ukiwatazama, wengi hawaanzi mpaka waliochelewa wameketi. Ukiwauliza kwa nini, hawajui. Ndivyo walivyokuta.

Lakini wiki ile, kilichofika hotelini kwa Vashti kilikuwa kadi moja ya posta, mwandiko wa kalamu ya risasi, umelala upande.

"Tumekuona kwa Cleora. Amelia kwenye kochi lake mpaka likalowa. Umekonda mno, kula. Soksi ya msimamizi ilikuwa ya kijani, wewe ulisema ya buluu. Ile cheri ya Memphis nimekusamehe."